Kupasua jicho la ng'ombe darasani: hatua kwa hatua, kuanzia konea hadi retina

Mchoro wa jicho ubaoni wanafunzi huukariri hadi siku ya mtihani, kisha unayeyuka. Jicho lenyewe likikaa kiganjani, halisahauliki. Nafundisha biolojia sekondari, na katika somo hili kuna jambo moja ninalotaka kila mwanafunzi aondoke nalo: kazi kubwa ya kupinda mwanga haifanywi na lenzi. Inafanywa na konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho.

Maandalizi

Zungumza na mchinjaji siku moja kabla. Mwombe akutolee macho mazima na akuachie kipande cha neva kwa nyuma, kwa sababu bila hicho utapata shida kuonyesha retina, utando wa ndani unaopokea mwanga, inaishia wapi. Chukua asubuhi, tumia siku hiyohiyo. Yahifadhi kwenye barafu lakini yasigande, maana kuganda huiharibu lenzi na kuitia ukungu. Andaa pia glovu, mkasi wenye ncha, wembe mpya, sinia, glasi ya maji, ukurasa wa gazeti, na miwani ya kukinga macho kwa atakayekata. Jicho moja linawatosha wanafunzi wanne.

Hatua ya 1: Tazameni kabla ya kukata

Punguza mafuta na nyama kwa mkasi, ila neva usiiguse. Utabaki na mpira mweupe, mgumu, wenye konea angavu mbele. Mboni ya ng'ombe imelala kwa mlalo, yetu ni duara.

Hapa ndipo pa kuuliza swali la msingi: mwanga unapinda wapi? Unapinda zaidi pale unapotoka hewani na kuingia konea, kwa sababu hapo kasi yake inapungua ghafla na uso wenyewe umebinuka. Jicho la binadamu lina nguvu ya takriban dioptria 60 (dioptria ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga), na konea peke yake inatoa kama 43. Anayetaka ushahidi afikirie wavuvi wa pweza. Ukifumbua macho chini ya maji, kila kitu ni ukungu, kwa kuwa maji na konea vinapinda mwanga karibu sawasawa, hivyo konea inakosa kazi. Miwani ya kuzamia inarudisha hewa mbele ya jicho, na uoni unarudi.

Hatua ya 2: Kata

Toboa sehemu nyeupe kwa ncha ya wembe, katikati ya konea na neva. Maji yanaweza kuruka, kwa hiyo elekeza upande usio na mtu. Ingiza mkasi, kata kuzunguka bila kulibana jicho, kisha tenganisha nusu mbili.

Hatua ya 3: Lenzi

Usiiharakishe hatua hii. Itoe lenzi taratibu na uiweke juu ya gazeti: herufi zinakuwa kubwa. Inyanyue, tazama dirisha kupitia kwake, dirisha limepinduka juu chini. Halafu litie gazeti chini ya glasi ya maji na udumbukize lenzi humo. Ukuzaji unapungua sana. Ndani ya jicho lenzi imezungukwa na majimaji namna hiyo, ndiyo maana nguvu yake huko ni ndogo kuliko inavyoonekana hewani.

Basi lenzi ina kazi gani? Kurekebisha. Angalia nusu ya mbele: kuna pete nyeusi yenye mikunjo, hapo ndipo ilipo misuli ya siliari, na nyuzi nyembamba huiunganisha na lenzi. Wanafunzi wengi hudhani misuli ikikaza inaivuta lenzi ikawa bapa. Ni kinyume chake. Misuli hiyo ni pete. Ikikaza, tundu la pete linapungua, nyuzi zinalegea, na lenzi inanenepa. Hapo mtu anaona vitu vya karibu. Misuli ikilegea, nyuzi zinakazwa, lenzi inakuwa bapa, na anaona mbali. Umri ukisogea lenzi yetu inakuwa ngumu na kukataa kunenepa, ndiyo sababu baada ya miaka 40 hivi mtu huanza kusogeza gazeti mbali na uso.

Hatua ya 4: Retina

Mimina ute mzito ulio kwenye nusu ya nyuma. Utaona kitu chembamba, cheupe, kilichojikunja mithili ya utando wa maziwa yaliyochemka. Hiyo ndiyo retina. Isukume kwa kidole: inateleza yote, isipokuwa mahali pamoja iliposhikwa. Geuza upande wa nyuma, utaikuta neva hapohapo.

Chini yake kuna tabaka la kijani na buluu linalong'aa. Linarudisha mwanga kwenye retina, ndiyo maana macho ya ng'ombe huwaka mbele ya taa za gari. Binadamu hatuna tabaka hilo.

Retina ya binadamu ina seli fimbo kama milioni 120 za mwanga hafifu, na seli koni kama milioni 6 za rangi. Ndani ya fimbo kuna rodopsini, kemikali inayonasa mwanga, ambayo hutengenezwa kwa vitamini A. Mwanga ukiigusa, umbo lake linabadilika na seli inabadilisha ishara yake ya umeme. Vitamini A ikipungua mwilini, mtoto huanza kupapasa jioni ilhali mchana anaona vizuri. Taja maini, mchicha na viazi lishe hapo, wala usiliahirishe jambo hilo hadi somo la lishe.

Hatua ya 5: Jicho lako mwenyewe

Chora msalaba, na nukta nzito sentimita 8 kulia kwake. Funga jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye msalaba, sogeza karatasi polepole. Kwenye sentimita 30 hivi nukta inapotea. Taswira yake imeangukia pale neva inapotokea, ambapo hapana fimbo wala koni.

Usafi

Fukia mabaki shimoni mahali mbwa hawatafukua. Wembe uingie kwenye chombo kigumu, sinia na meza zioshwe kwa sabuni na jiki, na kila mtu anawe mikono hata kama alivaa glovu.