Kumsimamia mwanafunzi wa uzamili: mwambie akuhoji wewe kwanza

Mwanafunzi akiniletea dodoso la kurasa kumi na mbili, kalamu nyekundu naiweka kando. Namwambia, "Haya, nihoji." Najifanya mama mkulima wa mtama wa Bahi, mkoani Dodoma.

"Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?"

"Mwezi upi, mwanangu? Wa mavuno au wa njaa?"

Hapo anacheka, kisha anafuta swali mwenyewe. Dodoma mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Kipato kinahesabiwa kwa magunia na mbuzi waliouzwa. Muulize pia nani atamtafsiria Kigogo, lugha ya wenyeji, maana wazee wengine Kiswahili wanakijibu kwa adabu tu.

Januari usimruhusu aende kijijini asubuhi: watu wako shambani. Juni ni afadhali. Vibali aanze kufuatilia mapema, mkoani hadi kwa mtendaji wa kijiji.

Rasimu nairudisha ndani ya wiki mbili, ikiwa na hoja tatu kubwa tu. Msimamizi wangu alikaa na sura yangu ya pili miezi mitano, akairudisha na neno moja: "Boresha." Mpaka leo sijui niboreshe nini.