Kutambua akaunti za roboti kwa Excel tu

Dada mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, aliniomba msaada. Ukurasa wake wa Facebook ulijaa maoni ya "nimepata mkopo kwa siku moja", na wateja wanaoulizia bei ya gunia walikuwa wanapotelea humo. Akaunti za roboti, yaani programu zinazojiandikia maoni zenyewe, tulizichuja hivi.

1. Nakili tarehe na saa ya kila maoni, akaunti kwa akaunti. Yenye maoni machache mno iache kwanza. Excel inatosha. Tovuti zinazokupa alama bila kuonyesha hesabu yake siziamini, maana mteja akikuuliza kwa nini umemfungia, utamjibu nini?

2. Panga kwa muda, kisha tafuta mapengo kati ya maoni na maoni, kwa dakika.

3. Gawanya mchepuko wastani wa mapengo (STDEV), yaani kipimo cha jinsi yanavyotofautiana, kwa wastani wake (AVERAGE). Mapengo ya 30, 30, 31, 30 yana wastani wa 30.25 na mchepuko wa 0.5, kwa hiyo jibu ni kama 0.017. Hiyo ni mashine. Binadamu huandika kwa vipindi: maoni matano chapuchapu, kisha kimya mpaka jioni, na jibu lake mara nyingi huvuka 1.

Ila roboti inayobahatisha mapengo nayo inaweza kukaribia 1, kwa hiyo angalia pia usingizi. Hesabu maoni kwa kila saa kati ya saa 24. Hapa kuwa makini sana, hasa huku kwetu ziwani. Kuandika saa tisa usiku si kosa: wavuvi wa dagaa hukesha na taa siku za giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Mvuvi atalala mchana. Unachotafuta ni pengo la kulala, liwe saa yoyote ile, na lipime wiki kwa wiki, kwa sababu ukichanganya mwezi mzima, usingizi wa giza na wa mbalamwezi unafunikana na mvuvi ataonekana kama hapati usingizi kabisa.

4. Usifungie mtu kwa kipimo kimoja. Tuseme kati ya akaunti 1,000, roboti ni 50. Kipimo kinachonasa roboti 9 katika kila 10, na kumsingizia mtu 1 katika kila 10, kitanasa roboti 45 na watu 95! Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara tupu. Funga tu akaunti iliyoanguka vipimo vyote viwili, na ambayo maneno yake yanajirudia herufi kwa herufi kwenye akaunti nyingine.