Jinsi ya kuelezea hasira za watu wa Urusi ya Tsar bila kuishia kuandika "wananchi walichoka"

Wadau wa historia, hasa nyie mnaojiandaa na mtihani wa fom siksi, hili swali la kwa nini watu wa Urusi walikuwa na hasira kabla ya mapinduzi ya 1917 watu wanalimaliza haraka mno. Mtu anaandika "wananchi walichoka na utawala wa Tsar" (yaani mfalme wa Urusi) halafu anaruka moja kwa moja kwa Lenin, kiongozi wa mapinduzi, na pale katikati ndo kwenye utamu wote. Sensa ya 1897 ilihesabu watu kama milioni 125 na Warusi wenyewe hawakufika hata nusu, sasa hao "wananchi" ni akina nani? Chukua karatasi, andika makundi, halafu kila kundi liulize maswali mawili tu: huyu alikuwa anamlipa nani, na alihitaji ruhusa ya nani ili aishi maisha yake.

Anza na mkulima na ukae naye muda mrefu maana ndo walikuwa wengi kuliko wote. 1861 Tsar Alexander II aliwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa ardhi, sawa, ila ardhi waliyopewa walitakiwa kuilipia kwa serikali kwa miaka 49, na sehemu nyingi walipata kidogo kuliko ile waliyokuwa wanalima mwanzo, na bei ikapangwa juu. Juu ya hapo kodi ilidaiwa kijiji kizima kwa pamoja, kupitia jumuiya yao iliyoitwa mir, kwa hiyo ukitaka kwenda mjini kutafuta kazi lazima jumuiya ikuruhusu, maana ukiondoka deni lako linabaki kwa jirani. Watoto wanazaliwa, ardhi haiongezeki, halafu 1891 ikaja njaa kubwa. Lakini hapa kuwa makini sana: wengi wao bado walimwona Tsar kama baba mwema anayedanganywa na mabwana, hasira yao ilikuwa kwa mwenye shamba kubwa pale jirani. Esei inayosema mkulima alimchukia Tsar tangu 1861 inapotosha.

Mfanyakazi wa kiwandani mara nyingi ni mtoto wa huyohuyo mkulima. Sheria ya 1897 iliweka kikomo cha masaa 11 na nusu kwa siku, na hiyo ilihesabika ni nafuu, kugoma ni kosa na vyama vya wafanyakazi huru havikuruhusiwa. Januari 9, 1905 (kwa kalenda yao ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 13, chagua kalenda moja na umwambie msomaji) padri Gapon aliwaongoza wafanyakazi kuelekea katikati ya St Petersburg, mji mkuu wa wakati huo, kwenye kasri la Tsar, wamebeba sanamu za dini na picha za Tsar mwenyewe, wanapeleka maombi. Wakapigwa risasi. Hilo tukio lipe aya nzima, maana ndo siku ile imani ya baba mwema ilivunjika kwa watu wengi sana.

Kwa mataifa mengine swali la ruhusa ndo linafanya kazi: Wayahudi walibanwa kuishi maeneo maalumu ya magharibi na vyuo viliwawekea kikomo cha idadi, Wafini walianza kunyang'anywa mamlaka yao ya ndani 1899, Kiukreni kikazuiwa vitabuni 1876, Waarmenia wakachukuliwa mali za kanisa lao 1903. Wasomi na sehemu ya mabwana hawakuwa na njaa, walitaka sauti kwenye utawala, na 1895 Nicholas II akawaambia wazi kwamba hizo ni ndoto zisizo na maana.

Baada ya hapo waonyeshe wanapokutana na wanapoachana. Oktoba 1905 mgomo ulisimamisha nchi, Tsar akatoa ahadi ya bunge, Duma, na hapo waliberali wengi (wale wasomi na mabwana waliotaka sauti) wakaridhika wakati wafanyakazi wa Moscow bado wanapigana Desemba na wakulima bado wanachoma majumba ya mabwana. Madeni ya ardhi yakafutwa kuanzia 1907, lakini mwaka huohuo sheria ya uchaguzi ikabadilishwa na kura za wakulima, wafanyakazi na mataifa madogo zikapunguzwa nguvu.

Vita ya 1914 iweke mwisho, usianze nayo. Februari 1917 wanawake wa viwanda vya nguo Petrograd (jina jipya la St Petersburg) walitoka wakidai mkate, na ndani ya siku chache wanajeshi, ambao wengi ni wakulima waliovaa sare, wakakataa kuwapiga risasi. Sasa rudi kwenye karatasi yako uweke alama nani alikuwa barabarani na nani alikuwa amekaa Duma, maana Sovieti ya Petrograd, yaani baraza la wafanyakazi na wanajeshi, ilisimama juu ya wale wa kwanza na Serikali ya Muda, iliyochukua nafasi ya Tsar, ikatoka kwa wale wa pili.