Kuosha karoti kwa mashine ya pipa bila kuzichubua

Udongo wa Molo na Njoro, kule Nakuru nchini Kenya, hunata, hasa mkivuna baada ya mvua, kwa hivyo loweka karoti dakika 5 hadi 10 kabla hazijaingia kwenye pipa linalozunguka. Ukiruka hatua hii utalazimika kuzizungusha muda mrefu, na hapo ndipo ngozi huchubuka. Karoti iliyochubuka hupauka, kisha hufanya madoa meusi, na uozo laini huanzia kwenye michubuko hiyohiyo.

Jaza pipa nusu tu. Anza na mizunguko 20 hivi kwa dakika: karoti zibiringike, zisirushwe zikagonga chuma. Maji ya kulowekea yakigeuka tope, yamwage; karoti moja iliyooza huambukiza shehena nzima kupitia maji hayo. Suuza mwisho kwa maji safi ya kunywa.

Kukausha ni kuondoa maji ya juu tu. Tandaza safu moja kwenye wavu, kivulini, feni ikipuliza hewa ya kawaida. Juani zitanyauka. Usifunge gunia zikiwa bado na maji.

Tofauti na karoti, viazi vya kuhifadhi visioshwe kabisa; pangusa udongo mkavu kwa brashi laini.