Chai isubiri saa moja baada ya ndengu

Ukila ndengu, githeri au managu, usishushie na chai. Madini ya chuma yaliyo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida hata bila kizuizi, hasa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Tanini, yaani kemikali za majani ya chai zinazoleta ukakasi mdomoni, huyanasa hapo, yakawa kitu ambacho ukuta wa utumbo hauwezi kukipitisha, yakatoka na choo. Maziwa hayaokoi, kalsiamu yake nayo huzuia chuma. Kahawa vilevile. Subiri angalau saa moja.

Kinachosaidia ni vitamini C, ila lazima ikutane na chuma katika mlo uleule. Kamulia nusu ndimu juu ya ndengu ukishaepua, kwa kuwa kuchemka kwa muda mrefu huiharibu, au kula chungwa palepale mezani. Dozi kubwa ya asubuhi haitafaa mlo wa jioni: ziada hutolewa na figo kwenye mkojo ndani ya saa chache, na pesa yako nayo.

Mama mjamzito anayepewa vidonge vya chuma kliniki avimeze kwa maji, kamwe si kwa chai. Choo kugeuka cheusi ni kawaida. Hicho ni chuma ambacho hakikufyonzwa.