Kupima msitu baada ya moto: hesabu mzizi, usihesabu vijiti

Tangu nimsaidie kijana mmoja wa chuo kupima msitu wa kijiji huku Handeni, watu wa kamati za maliasili huniuliza swali lilelile: moto ukishapita, tutajuaje kama miti inarudi au inakwisha? Utaratibu wangu ni huu. Unafaa kwa miombo na mapori makavu, hadi upande wa Bagamoyo. Usiupeleke Amani wala Magamba. Misitu ya mvua ina mambo yake.

Hatua ya 1: Ujue mwezi wa moto

Kuandika "pameungua" hakutoshi. Moto wa Juni hukuta nyasi zina ubichi, hutambaa na kuacha mabaka. Wa Septemba au Oktoba hukuta nyasi zimekauka kabisa, na miombo mingi ndiyo kwanza inatoa majani mapya. Kule Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 yalionyesha tofauti hiyo: ploti (vipande vya msitu vilivyotengwa kwa kupimwa) zilizochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ziligeuka nyasi, zilizolindwa zikawa kichaka kinene, na zilizochomwa mapema zikabaki msitu.

Anza na warina asali na wachungaji, kisha ufungue FIRMS, tovuti ya NASA ya ramani za moto ulioonwa na setilaiti, haina malipo. Ila setilaiti zake zenye picha nzuri zaidi hupita mnamo saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto uliowashwa saa kumi na moja jioni ukazimika kabla ya usiku wa manane hazitauona. Kwa hiyo mrina asali akisema paliungua na ramani ikakaa kimya, mimi namwamini mrina asali.

Hatua ya 2: Ploti

Duara la nusu kipenyo mita 15, sawa na hekta 0.07 hivi. Tumia futi ya kupimia ya fundi. Kamba ya nailoni inavutika, ya katani inafupika ikilowa umande. Nondo ya katikati ipigilie mpaka izame, la sivyo itaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Weka ploti palipoungua na pasipoungua ili ulinganishe, na pote pawe na udongo wa aina moja.

Hatua ya 3: Miti mikubwa

Kipenyo kwenye urefu wa mita 1.3, jina, makovu ya moto. Basi.

Hatua ya 4: Maotea (miti michanga inayoota)

Hapa ndipo kazi ilipo. Kijiti cha kufika gotini kinaweza kuwa mche wa mbegu, au chipukizi la mti wenye umri mkubwa ambao moto umeufyeka mara nyingi. Kwa juu vinafanana, tena majani ya chipukizi mara nyingi ni makubwa kuliko ya mti mzima, kwa hiyo hata jina unaweza kulikosea.

Fukua udongo kidogo kwa kisu cha zamani. Mche wa mbegu una mzizi mwembamba ulionyooka, unene wake haupishani sana na kijiti, na shingo yake ni laini. Chipukizi utakuta shingo imevimba, pengine nene kama muhogo, ina vikovu vyeusi vya vijiti vilivyoungua zamani. Fukua tu, usikate, na mazoezi ufanyie nje ya ploti.

Vijiti vyote vya mzizi mmoja ni mti mmoja. Tuseme una mitondoro 4, mininga 2, mipingo 2 na mikongo 2. Kipimo cha anuwai cha Shannon, namba inayopanda aina zikiwa nyingi na zikigawana ploti kwa usawa, kinatoa 1.33. Sasa kila mtondoro umechipua vijiti 6, nawe ukahesabu vijiti: umepata "miti" 30 badala ya 10, na kipimo kimeshuka hadi 0.72. Ploti ni ileile! Ripoti moja itasema msitu umejaa mara tatu, nyingine itasema anuwai imekufa, na zote mbili ni uongo.

Mpingo ni msumbufu: huchipua kutoka mizizi inayotambaa mbali na mama. Fuata mzizi, ukikupotea, hesabu kila kimoja peke yake na uandike hivyo pembeni.

Pima na urefu. Kilicho chini ya mita 2 bado kiko ndani ya ndimi za moto wa nyasi. Kundi hilo likijaa kila mwaka na lililo juu yake likabaki tupu, mizizi iko hai lakini moto hauvipi vijiti nafasi ya kurefuka.

Hatua ya 5: Kurudi

Rudi mwezi uleule uliopima mara ya kwanza, baada ya masika. Mninga mchanga hukauka kijiti chake kiangazi hata bila moto na kuchipua tena mvua zikija, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa. Ukihesabu Septemba utauandika umekufa.

Na usichome ploti kwa makusudi ili upate cha kulinganisha. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kwanza, na kwa kawaida palipoungua penyewe hapakosekani.