Jinsi ya kuchagua rangi ya fenicha ya mbao: anza na kilichopo chini

Juzi jirani yangu aliniita nimtazamie kabati. Alikuwa amelipaka rangi nyeupe mwezi mmoja nyuma, ile ya kuta iliyobaki baada ya kumaliza sebule. Niliweka ukucha kwenye pembe ya mlango, nikavuta kidogo, na rangi ikabanduka pande zima, laini kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chini yake rangi ya mafuta ya zamani ilikuwa inang'aa vilevile. Brashi aliishika vizuri kabisa, ila rangi ile haikuwa na mahali pa kushika. Tulikaa tukaanza upya, na hatua tulizopita ndizo hizi.

Hatua ya 1: Jua mbao imevaa nini

Lowanisha pamba kwa spiriti, usugue mahali pasipoonekana, mfano chini ya meza, kwa nusu dakika hivi. Pamba ikichafuka na uso ukaanza kunata, hiyo ni rangi ya maji. Isipotoka kitu, mara nyingi ni rangi ya mafuta. Ile ya mafuta piga msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe wote, ufute vumbi, kisha upake praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Ukishafanya hivyo, juu unaweza kuweka rangi ya maji au ya mafuta. Usiweke rangi ya kupuliza inayochanganywa na tina (kimiminika kikali cha kuyeyushia rangi) juu ya rangi ya mafuta: tina huivimbisha ya chini, na kazi yote hukunjamana.

Kama fenicha ni ya miaka mingi na hujui historia yake, usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Tumia msasa wa maji, futa tope kwa kitambaa, kisha kitupe.

Hatua ya 2: Angalia kama mbao itatoa madoa

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku tatu. Nilikuwa napaka meza ya mkangazi rangi nyeupe ya maji. Koti la kwanza, yaani mpako wa kwanza, lilikauka likiwa na mawingu ya rangi ya chai. Nikadhani ni uchafu, nikaongeza la pili. Mawingu yakarudi. La tatu, la nne, yakawa yanarudi kila mara, safari hii na mviringo wa njano kila palipokuwa na kifundo, yaani alama ya tawi.

Sababu ni hii. Mbao nyingi nyekundu au nyeusi zina tanini, ile ile inayoipa chai rangi yake, nayo huyeyuka kwenye maji. Kila koti la rangi ya maji linaiamsha na kuipandisha juu. Vifundo vina shida nyingine: vina utomvu, hasa kwenye msonobari, na utomvu hupenya hata rangi ya mafuta. Kwa hiyo kuongeza makoti hakusaidii. Kinachotakiwa ni kizuizi.

Kizuizi ninachokiamini ni praima ya shelaki (gundi asilia itokayo kwa wadudu), inayoyeyushwa kwa spiriti. Hukauka chini ya saa moja, na hufunga tanini na utomvu pamoja. Praima ya mafuta nayo huzuia tanini, ila husubiriwa usiku kucha na kwenye vifundo haitoshi. Praima ya maji iliyoandikwa kwamba inazuia madoa, mimi kwenye mbao nyekundu siitumii tena. Zingatia mambo haya: fungua madirisha na zima moto wowote karibu, maana spiriti inawaka. Brashi isafishe kwa spiriti, si maji. Kwa fenicha itakayokaa nje, shelaki ipake kwenye vifundo tu, kisha uso mzima uupake praima ya mafuta, kwani shelaki haipendi unyevu. Na kabla ya kupaka meza nzima, jaribu kipande cha ukubwa wa kiganja: praima, koti moja la rangi, ulale. Asubuhi pakiwa peupe, endelea. Pakiwa na doa, ongeza praima, si rangi.

Kama rangi utakayoweka ni kahawia iliyokoza au nyeusi na mbao haina vifundo, hatua hii haina uzito sana.

Hatua ya 3: Maji au mafuta

Rangi ya kuta iache kutani. Kwenye rafu hubaki na mnato, na ukinyanyua kitabu kilichokaa wiki mbili kinaondoka na rangi. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba ni la mbao na chuma, au la milango.

Mimi kwa fenicha ya ndani nachagua enameli ya maji, yaani rangi ya maji inayokauka ikawa ngumu. Haina harufu kali, na nyeupe yake inabaki nyeupe. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano, na upesi zaidi gizani, yaani ndani ya kabati na droo. Mafuta nayatumia kwa kitu kinachogongwa na kuburuzwa kila siku, kama miguu ya viti. Rangi ya maji hutaka brashi ya nyuzi za plastiki, kwani nywele za asili hunyonya maji zikalegea.

Hatua ya 4: Mng'ao

Nusu mng'ao. Huoshwa kirahisi, nao hauaniki kila mkwaruzo kama mng'ao kamili.

Hatua ya 5: Makoti na subira

Makoti mawili mepesi, msasa namba 240 katikati. Rangi ya maji hukauka kwa kugusa ndani ya saa moja au mbili, lakini kukomaa huchukua wiki tatu hadi nne. Kabati la jirani tulilifunga milango likiwa na vipande vya karatasi ya nta kwenye kingo, zisigandane, na vyombo akavirudisha wiki ya nne.